Boti Yangu Ilitoka Mbalamwezi

Walimu wenzangu wa ofisi yenye kabati lisilofunga, mmenirudisha kazini kwa nguvu. Siku mliponiaga mlinipa vitenge, jogoo na saa ya ukutani, halafu Mwalimu Eliya akasimama mbele ya wazazi akatangaza kwamba nitaandika kumbukumbu zangu, "ili vijana wajue jinsi Mwalimu Yustina alivyoingiza magemu darasani." Mkapiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa sababu nilikuwa nakula na sikusikia vizuri. Sasa jogoo ameshaliwa, saa imesimama, na ahadi ipo palepale.

Basi nianze kwa kusahihisha. Magemu sikuyaingiza mimi. Kwa miaka mingi nilisimama mlangoni nikiyafukuza kwa fimbo, na yalipopenya yalipenyezwa na wengine, mimi nikajitokeza mwishoni kama mwenyeji wa shughuli. Habari za kupanda madaraja na mishahara sitaziandika, maana nyinyi wenyewe mnajua zinavyochosha hata zikiwa zako. Nitaandika nilivyoanza, vifaa nilivyotumia, na habari ya mtoto mmoja, Zuhura, ambaye nusura aondolewe shuleni kwa sababu ya gemu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ilagala. Mimi ni mtoto wa Mwandiga, nimekulia kwenye mihogo na maharage, na ziwa kwangu lilikuwa kitu cha kutazama kwa mbali. Nilifika na sanduku, godoro, na andalio la somo nililoliandika kwa kalamu za rangi tatu. Nikapewa darasa la tatu, somo kugawanya. Nilifundisha kipindi kizima bila kumeza mate. Mwishoni nikauliza, "Mmeelewa?" Wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyooo, mwalimu!" Nikarudi ofisini kifua mbele, nikijua kabisa kwamba wilayani watasikia habari zangu.

Ofisini alikuwamo mtu mmoja tu, Mwalimu Gervas, Muha mzee wa kutoka Kasulu, mwenye kofia ya pama ambayo sikuwahi kumwona ameivua. Alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha.

"Mwakeye, mwalimu mgeni," alinisalimu kwa Kiha. "Wameelewa?"

"Shikamoo, mzee. Wameelewa wote."

"Marahaba. Wote ndiyo nani? Rudi umuulize mmoja."

Nikarudi nikamsimamisha mvulana wa dawati la mbele, nikamwambia agawanye kumi na mbili kwa tatu. Akatazama juu. Akaendelea kutazama juu mpaka na mimi nikainua kichwa nione kuna nini kwenye bati. Hakukuwa na kitu.

Mchana Mwalimu Gervas akatutoa nje sote, mimi na darasa langu. Akachora soko mchangani kwa fimbo. Kokwa za chikichi zikawa samaki, vizibo vya soda vikawa hela, na watoto wakagawanyika kuwa wavuvi, wachuuzi na wateja. Mimi nikawekwa kuwa mteja. Mvulana yule wa kutazama bati ndiye aliyeniuzia, na kabla sijamaliza kufikiri alikuwa amenigawia fungu langu, amehesabu, amenirudishia chenji pungufu na kugeukia mteja mwingine. Nilipolalamika watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

"Huyu ndiye uliyesema hajui kugawanya?" Mwalimu Gervas aliniuliza, na yeye alikuwa anacheka.

Kazi yote niliyoifanya baadaye nimeifanya juu ya mchana ule. Mzee yule hakuniambia mambo mengi, lakini moja alilirudia kila tulipotoka nje: ukicheza na watoto, cheza kweli, na ukubali wakufunge, kwa sababu wakishakucheka hawataogopa kukwambia wasichokijua. Nilipohamishwa kuja Ujiji alinipa gunia dogo la zile kokwa. Nililibeba kutoka ofisi hadi ofisi, panya wakilichangia, na mpaka leo liko chini ya kitanda changu. Alifariki nikiwa masomoni Tabora na sikumzika. Hilo linaniuma bado.

Ujiji nikawa mwalimu mwingine kabisa. Madarasa yalikuwa makubwa, nikawa na sauti ya kengele, na gunia la kokwa likakaa kabatini. Kisha simu zikaja. Nakumbuka zile za mwanzo zenye gemu ya nyoka anayekula vidoti na kurefuka. Wakubwa wa darasa la saba walikuwa wanazileta wamezificha kwenye soksi. Mimi nilizikamata na kuzifungia kwenye mtoto wa meza, nikawa maarufu kwa hilo. Wazazi wakija kuzichukua nilikuwa nawapa hotuba kwanza. Sikuwaambia kwamba nyoka yule nilikuwa namcheza mwenyewe wakati wa zamu, na kwamba hakuwahi kurefuka zaidi ya kidole.

Halafu likafunguliwa banda la gemu kule Rusimbi, chumba cha mabati chenye televisheni na vijana wamebanana kwenye benchi kila mmoja na padi yake mkononi, wakicheza mpira wa kwenye kioo. Watoro wangu wote walihamia huko. Siku moja nikaamua kwenda kulivamia. Nilikata fimbo ya mpera, nikafunga kitenge vizuri, nikapita mitaani kwa mwendo ambao watu walitoka milangoni kuuangalia. Nikasukuma pazia. Wa kwanza kumwona, amekaa katikati ya benchi kama mwenyekiti, alikuwa Deo, mtoto wangu wa kumzaa.

Nilitaka kupiga kelele, lakini kinywa kilibaki wazi kwa sababu ya alichokuwa anakisema. Deo alikuwa ananipatia sufuri kwenye namba hasi. Nilimfundisha darasani, nikamfundisha nyumbani, nikamfundisha akiwa anakula, sufuri. Pale alikuwa anamweleza mwenzake kwamba timu yao ina magoli hasi matano, kwa hiyo wakishinda mbili bila watabaki na hasi tatu, na wenye hasi mbili watakuwa bado juu yao. Mwenzake akabisha. Deo akamrudia taratibu, kwa upole ambao mimi sikuwahi kumwonyesha. Nilisimama na fimbo yangu nikisikiliza mpaka mechi ikaisha. Ndipo nikakumbuka kilichonipeleka nikawafukuza wote, lakini fimbo sikuiinua, na nadhani waliliona hilo.

Kesho yake nilichora msimamo wa ligi ubaoni. Darasa zima likaelewa namba hasi kwa vipindi viwili. Mwalimu mkuu akanisifu kwa ubunifu. Nilimwambia ni mambo ya kusoma vitabu, nikaenda zangu.

Kompyuta zilipoletwa shuleni tulizipokea kwa ngoma. Zilikuwa za mitumba, nzito, zimetumika mahali zikachokwa. Mwalimu mkuu wa wakati huo alizifungia kwenye chumba chenye mlango wa chuma na kuzifunika kwa vitambaa vya kudarizi ambavyo mkewe alivishona. Zilifunuliwa wakija wageni. Wageni wakiondoka zinafunikwa tena. Mimi nilikuwa msimamizi wa vile vitambaa, na niseme bila kujivuna kwamba kazi hiyo niliimudu: vilifuliwa, vikapigwa pasi, na kompyuta hakuna aliyeigusa.

Ndipo akapangiwa kwetu Mwalimu Eliya, kijana kutoka Mbeya, siku hizo mwembamba. Aliniomba ufunguo. Nikamuuliza wa nini. Akasema, "Madam, nataka kuona kama zinawaka." Swali hilo sisi hatukuwahi kujiuliza. Nyingi ziliwaka. Akafuta vumbi, akaziunganisha kwa nyaya, akatoa mfukoni kiflashi chenye gemu ambayo rafiki zake wa Dar es Salaam walikuwa wameitengeneza kwa ajili ya hesabu za darasa la sita.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Kuna ziwa, kuna ufukwe, na kila mchezaji ana boti yake ya dagaa. Kila siku ya kwenye gemu unachagua TOKA au BAKI. Ukitoka, unapiga hesabu za mafuta na barafu, unavua kwa taa, kisha unagawa mavuno: fungu la boti, fungu la nyavu, mafungu ya wavuvi. Sehemu, uwiano, asilimia, vyote vimo. Ukipatia unapewa nyota. Ukibaki hupewi kitu, ila kinatokea kikatuni kimevaa kofia kinakwambia, "Mvuvi mvivu! Toka upate nyota!" Juu pembeni paliwekwa mwezi, unaokua na kupungua kufuata kalenda ya kompyuta. Eliya alituambia ni pambo tu.

Nikamkumbuka Mwalimu Gervas, nikasema na mimi lazima nipewe boti. Wiki ya kwanza nilikuwa kichekesho. Kipanya kilinitoka mkononi kikaanguka. Nilipakia barafu nikasahau mafuta. Nilimpa mpishi fungu la boti. Aliyenifundisha ni Zuhura, binti wa darasa la sita aliyekaa kompyuta ya pembeni yangu, mtoto wa maneno machache ambaye kwenye hesabu za daftarini alikuwa wa katikati, na kwenye ile gemu aligawa mafungu kichwani wakati mimi natafuta kalamu. "Mwalimu, si hapo," alikuwa ananinong'oneza, ili wengine wasisikie. Watoto wa Ujiji wana adabu hata wakikuonea huruma.

Nilijifunza. Na niliponogewa, nilinogewa vibaya. Mapumziko ya chai nilikuwa chumba cha kompyuta. Nilichelewa kikao. Niliota nyota. Na jambo la ajabu likatokea: jina langu likaanza kupanda kwenye karatasi ya matokeo tuliyobandika ukutani, likapanda mpaka likawa la kwanza. Watoto walikuwa wanaanza vizuri, wananiacha nyuma, halafu ghafla wanasimama. Siku kadhaa darasa zima linabofya BAKI, BAKI, BAKI, linaitwa wavivu na kikatuni, halafu linaamka tena na kuendelea. Mimi nilitoka kila siku bila kukosa.

Eliya alidhani kompyuta zinakwama. Alizifungua, akazipuliza, akazifunga. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Asubuhi moja niliwasimamisha darasa zima nikawapa hotuba juu ya uvivu. Nikawaambia wanitazame mimi, mtu mzima, macho yanauma, lakini natoka kila siku, ndiyo maana niko juu. Zuhura aliinamisha kichwa. Nikadhani yamemwingia.

Siku hiyohiyo, kabla ya saa ya chai, baba yake akapiga hodi ofisini.

Mzee Ramadhani alikuwa mwenye boti, mtu mrefu, amevaa kofia ya mkono iliyofuliwa mpaka imepauka. Nilimfahamu kwa kumwona kwenye vikao, amekaa nyuma, haulizi kitu. Nikamkaribisha kiti.

"Sikuja kukaa, mwalimu. Nimekuja kumchukua Zuhura. Dada yangu yuko Ilagala, giza likirudi atahitaji mtu wa kumsaidia kuanika dagaa."

"Baba Zuhura, mwakani ana mtihani wa darasa la saba."

"Najua. Lakini nimeambiwa mnawachezesha mashine." Alisema bila ukali, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Mwalimu, mimi nina kijana, Idi, kaka yake huyu. Alianza na gemu bandani. Watu wakaniambia, mzee, hizo ni picha tu, mwache. Kutoka kwenye picha akaenda kwenye dubwi, zile mashine za kamari. Akauza nyavu. Akauza injini ya boti yangu. Sasa sijui hata analala wapi. Nimebaki na huyu binti. Nimpoteze na huyu?"

"Hii yetu ni hesabu," nilisema.

"Na Idi alikuwa anasema ni hesabu."

Ningeweza kwenda kwa mtendaji wa kata, maana kumwachisha mtoto shule ni kosa na nilishawahi kuwapeleka wazazi huko. Lakini ninyi mnajua mwisho wake. Mtoto hurudishwa, anakaa wiki chache na mkoba mtupu, halafu siku moja dawati liko wazi na hakuna anayejua amepelekwa kijiji gani. Zuhura alikuwa anakwenda kuanika dagaa, na mimi niliyemtia kwenye ile gemu nilikuwa nimesimama nimeshika chaki. Niliogopa kweli.

"Njoo uone kwanza," nilimwambia. Sikuwa na mpango wowote. Na kwa kuwa naandika ukweli, kipande kidogo cha moyo wangu kilifurahi kwamba ataliona jina langu ukutani.

Watoto walisimama, "Shikamoo, mzee!" Akawaitikia. Akapita kompyuta moja hadi nyingine mikono iko nyuma, kama anakagua boti za mtu. Akasimama kwenye yangu. Kioo kilionyesha ziwa linang'aa jeupe, mwezi mzima juu pembeni, boti zote zimepangwa ufukweni, na boti moja katikati ya maji na taa zake.

"Huu mwezi ni wa kweli?" aliuliza.

"Unafuata kalenda, mzee," alisema Eliya. "Kama wa nje."

"Hizi za ufukweni za nani?"

"Zetu!" watoto walijibu.

"Mbona hazikutoka?"

Wote walinitazama mimi, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimewasema kwa jambo hilohilo. Zuhura ndiye aliyejibu, bila kuinua macho.

"Mbalamwezi, baba."

Enyi mliotoka mikoa mingine, niwaeleze ambacho mtoto yeyote wa Ujiji anakijua. Dagaa hufuata taa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linakuwa na mwanga, taa ya mvuvi haina maana, dagaa wanatawanyika. Basi boti huvutwa nchi kavu, nyavu hushonwa, watu hupumzika mpaka giza lirudi. Ndiyo maana Mzee Ramadhani alikuwa na nafasi ya kuja shuleni asubuhi ile. Na mimi, ambaye kila mbalamwezi nalalamika sokoni kwamba dagaa wameadimika, nilikuwa nimeutazama ule mwezi wa kwenye kioo mwezi baada ya mwezi na kuuona pambo. Watengenezaji wa gemu walikuwa Dar es Salaam, Eliya ni wa Mbeya, hao tuwasamehe. Mimi nina miaka mingapi mkoa huu?

"Ukibaki inakupa nini?" Mzee Ramadhani alimuuliza binti yake.

"Hainipi kitu. Inaniita mvivu."

"Kila siku?"

"Kila siku mpaka giza lirudi."

"Na ukitoka?"

"Inanipa nyota."

"Huzitamani?"

Zuhura alifikiri. "Nazitamani. Lakini boti haitoki mbalamwezi."

Baba yake akanyoosha kidole kwenye kioo. "Na hii inayozurura peke yake?"

Eliya alianza kuangalia nyaya. Mwishowe sauti moja ikatoka nyuma, "Ya mwalimu," na chumba kizima kikalipuka kwa kicheko, kicheko ambacho walikuwa wamekibana kwa miezi.

"Mwalimu," aliniuliza Mzee Ramadhani, "wewe kwenu wapi?"

"Mwandiga."

"Aaa," alisema. Sijawahi kusikia herufi moja ikimaliza mtu namna ile.

Akavuta benchi la watoto akakaa, magoti yakamfika kifuani. Alivua kofia akajifuta uso nayo, akakaa ameishika. "Idi, mashine ikimwambia toka, anatoka," alisema, kwa sauti ya chini, kama anaongea na kompyuta. "Ikimla, anatoka tena. Nilimpiga, nikamfunga ndani, anatoka. Huyu inamwita mvivu mbele ya wenzake, anatamani nyota, na anabaki." Zuhura alikuwa anacheza na pindo la hijabu yake. "Mimi sikumfundisha hilo kwa maneno. Ameona tu boti zimelala."

Niliona machozi yake na yeye akaona kwamba nimeyaona, akavaa kofia. Alisimama akamwambia Eliya, si mimi, "Mtoto abaki shuleni. Ila huyu mwalimu mumwangalie."

Nilimsindikiza hadi getini. Nilikuwa nimefurahi kiasi cha kutaka kumshika mikono yote miwili. Pale getini akageuka.

"Mwalimu, na mtu mzima anaweza kufundishwa kubaki?"

"Sijui, baba Zuhura," nilimjibu. "Mimi nafundisha darasa la sita." Alitikisa kichwa taratibu akaondoka. Nilisimama pale mpaka kengele ikagongwa, najiona mdogo, kwa sababu mcheza kamari wa chumba kile alikuwa mmoja tu na ndiye huyo aliyekuwa ameulizwa.

Niliporudi niliwauliza watoto kwa nini hawakuniambia. Wakasukumana. Zuhura akasema, "Tulidhani unajua, mwalimu. Wewe ni mtu mzima." Hapo nikaelewa kwamba la Mwalimu Gervas nilikuwa nimelishika nusu. Niliingia mchezoni, sawa, lakini nilipoanza kushinda nikabandika jina langu ukutani, nikawahutubia, na wakarudi kuniogopa. Karatasi ile niliibandua mwenyewe.

Eliya aliwaandikia rafiki zake wakairekebisha gemu. Siku hizi ukitoka mbalamwezi nyavu zinarudi tupu, na yule kikatuni amenyamazishwa. Tangu hapo nikawa wa mwisho darasani na niliendelea kuwa wa mwisho mpaka nastaafu, jambo lililosaidia sana ufundishaji. Zuhura alifaulu, yuko sekondari, na kwenye hesabu bado ni wa katikati ila haogopi. Nyinyi mnaobaki na zile kompyuta, vitambaa vya kudarizi viko kabati la pili kama kuna atakayevihitaji. Boti yangu msiifute. Mtoto mpya akija mwonyesheni, apate wa kumcheka.

Ninamalizia na la juzi. Sasa kwa kuwa sina kengele, niliamua kwenda mwenyewe ufukweni kununua dagaa wabichi badala ya kungoja sokoni. Nikachukua ndoo nikashuka. Nilikuta boti zote zimevutwa juu, hakuna hata mchuuzi mmoja. Ilikuwa mbalamwezi. Ndiyo, najua.

Nilikuwa nageuka niondoke kabla sijaonekana, nikasikia, "Mwalimu! Na ndoo kabisa!" Alikuwa Mzee Ramadhani, amekaa kwenye kivuli cha boti yake anashona wavu. Pembeni yake alikaa kijana mwembamba, ameshika upande wa pili wa wavu ule, na macho yalikuwa ya Zuhura kabisa.

"Huyu ni Idi," mzee alisema. Kisha, kijana alipoinama kutafuta uzi, akaongeza kwa kunong'ona kwamba amerudi mara ya pili hii, na kwamba hajui kama atakaa. Nilitaka kusema neno la kumtia moyo, nikaishia kuweka ndoo chini.

Idi aliinua uso. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Zuhura ametusimulia. Wewe ndiye yule wa boti iliyotoka mbalamwezi?"

"Ndiye mimi."

Akacheka, akausogeza wavu, akanipangusia mahali pa kukaa. "Kaa hapa na sisi," alisema. "Leo hatutoki."